Faili za Herufi M

Mwende mwanangu,

Umeenda saluni kusukwa, na kwa jinsi ninavyoijua hiyo mitindo yako ya nyuzi ndogondogo, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Huo ndio muda nilio nao. Pasipoti yako iko kwenye mkoba, nguo umezikunja, na mambo yote ya Kigali, nyumba, laini ya simu, mtu wa kukupokea, umeyapanga mwenyewe bila kuniuliza. Kwa hiyo sitakuandikia uvae sweta wala ule mboga. Nakuandikia habari ya baba yako. Nimekaa nayo miaka saba, na Jumapili iliyopita uliniaibisha mezani pangu mwenyewe, wala hukujua.

Nilikuuliza kama umempigia simu kumwambia unasafiri. Ukacheka. Ukasema, "Mum, mtu alishindwa kutunza faili za hospitali, ataniambia nini mimi naenda kutunza seva za watu?" Ukaendelea kula. Nami nikakuongezea supu. Maneno hayo hukuyaokota njiani, Mwende. Ni yangu. Niliyasema hapa jikoni ukiwa kidato cha pili, ukayameza, na sasa unayatema vizuri kuliko nilivyoyatema mimi.

Wewe ulikuwa bweni wakati huo. Ulipokuja likizo ulikuta mambo yamekwisha kupikwa na kupakuliwa, ukala ulichopewa. Nataka ujue kilichokuwa ndani ya sufuria.

Tulifanya kazi hospitali moja, hilo unalijua. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kompyuta, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka na mpaka leo kinanuka sabuni ya wodini. Baba yako alikuwa ofisi ya rekodi. Meneja aliitaka ofisi ile iwe ya daktari wa meno, kwa hiyo aliagiza faili zote za zamani za wagonjwa ziskaniwe ziingizwe kwenye seva, na karatasi zenyewe zikishaskaniwa zichomwe kwenye tanuri la taka. Baba yako akapewa mashine ya kuskani na kiti kisicho na mgongo. Akaanza na A. Ukambani hapa A ni watu wa kuhesabu, B na C ndio kabisa. Alipofika K mwendo ukapungua, kina Kioko na Kyalo na Kamene. Lakini herufi M ilimkalisha miezi minane. Mutua, Mutiso, Mumbua, Mwikali, Mwanzia, nusu ya kaunti inaanza na M. Yeye mwenyewe ni Musyoka, wewe Mwende. Siku aliyoifikia faili ya kuzaliwa kwako alikuja nyumbani akanisomea uzito wako mezani, kana kwamba mimi sikuwepo ulipozaliwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa programu ya hospitali, ile iliyotumiwa na maabara, chumba cha dawa na wodi zote. Vijana walioitengeneza walikuwa Nairobi, na kila baada ya wiki mbili walinitumia toleo jipya. Niliondoa la zamani nikaweka jipya huku mashine inakimbia, kwa sababu hospitali haina siku ya kufunga. Dakika chache tu, na wauguzi wa wodi ya akina mama hata hawakujua kuna kilichobadilika. Nilijivuna sana kwa hilo. Nilijiona fundi anayebadilisha gurudumu gari likiwa barabarani.

Kilichokuwa kinaniudhi ni stima. Unakumbuka ilivyokuwa ikipotea, wiki haiishi. Seva inazimika ghafla, watu wanapiga kelele, jenereta inakohoa kule nyuma ndipo mambo yanarudi. Nilipigana na meneja miaka miwili mpaka wakaninunulia betri na sola za paa. Zilipofungwa nilimwambia fundi anipige picha nimesimama kando ya betri. Tangu siku hiyo seva haikuzimika tena. Nilibandika karatasi mlangoni, nikawa naandika idadi ya siku, na kila aliyepita nilimwonyesha.

Mwezi wa tatu hivi tangu betri zifungwe, diski ikaanza kujaa.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Nilifungua folda moja baada ya nyingine kutafuta mnene ni nani. Mnene alikuwa baba yako. Folda yake ya skani ilizishinda zote, hasa hiyo M. Lakini nilipojumlisha folda zote za mashine pamoja, nilipata karibu nusu tu ya kile ambacho mashine yenyewe ilisema kimetumika. Nusu ya pili haikuwa popote. Hesabu haikulingana, Mwende, nami niliona haikulingana. Nilijumlisha mara mbili. Kisha nikaacha, nikachukua simu nikapiga ofisi ya rekodi.

"Musyoka, hizo picha zako zinaniua."

"Picha gani?"

"Za faili. Ziko nzito sana. Kwani lazima uskani na rangi?"

"Mama Mwende, madaktari wa zamani walikuwa wanaandika na kalamu nyekundu dawa yenye mgonjwa hawezi kupewa. Nikitoa rangi, hiyo nyekundu inakuwa kama zingine."

"Punguza tu."

Akapunguza. Alirudia hata zile alizokuwa amemaliza, akizifanya ndogo moja baada ya nyingine, na kando ya kila alama nyekundu akaandika kwa mkono wake ili isipotee. Diski ikaendelea kujaa. Nami badala ya kujiuliza inajaaje na mtu amepunguza, nikazidi kumkasirikia. Kwenye chai ya saa nne niliwaambia wenzangu kwamba mzee wangu anajaza seva na picha kama mpiga picha wa harusi. Wakacheka. Yeye alikuwa ameketi hapo hapo na kikombe chake, akacheka pia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Diski ilijaa pomoni. Maabara wakawa hawawezi kuhifadhi majibu, na wodi ya akina mama kulikuwa na wawili wanangoja damu. Meneja alikuja akasimama mlangoni pangu, mkono kiunoni, karibu na ile karatasi yangu ya siku. Nilijua baba yako ana nakala ya akiba, kidiski cha nje alichokifunga kwa leso kwenye droo yake. Ofisi yake ilikuwa hatua thelathini kutoka kwangu. Sikwenda, sikupiga simu. Niliifuta folda yote. Nafasi ikarudi, maabara wakahifadhi, meneja akanipiga bega akaondoka zake.

Ndipo nikaenda kwa baba yako. Nikamwambia nimefuta, anipe nakala tuirudishe polepole. Hakupaza sauti. Alisema, "Nakala inaishia L. Kidiski kilijaa. Barua ya kuomba kingine nilikupa wewe."

Ilikuwa kweli. Barua hiyo ilikuwa mezani pangu, chini ya vitabu vya betri, haijafunguliwa. Na karatasi za M, za miezi minane, zilikuwa zimekwisha kuchomwa. Faili yako ikiwemo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipomuuza. Kesho yake tuliitwa sote wawili. Meneja, ambaye ndiye aliyeamuru karatasi zichomwe na hakuna aliyemuuliza kitu mpaka leo, aliuliza ni nini kilichojaza seva. Nikasema ni skani. Akauliza nakala ni kazi ya nani. Nikasema, "Ni ya ofisi ya rekodi." Kwa maandishi ya kazi, ndivyo ilivyokuwa. Baba yako alikuwa kwenye kiti cha kando yangu, goti lake linagusa langu. Aliijua ile barua. Angeitaja ningekwisha mimi. Hakuitaja. Aliangalia mikono yake, akatia sahihi ya kuachishwa kazi kwa uzembe, na tulipofika nyumbani akasema neno moja tu juu ya jambo hilo. "Mmoja wetu abaki. Mwende yuko shule."

Karo yako ya kidato cha tatu na cha nne ililipwa na kunyamaza kwake. Najua hukuombwa kuchagua. Lakini ulikula matunda yake, kama mimi.

Wiki sita baadaye watu wa betri walikuja kuzikagua. Wakasema lazima kila kitu kizimwe kwa saa moja. Nilibishana nao kwa ajili ya karatasi yangu ya mlangoni, wakakataa, tukazima mchana kweupe. Ilipowaka nilifungua kuangalia diski, kwa mazoea tu. Nusu yake ilikuwa tupu. Folda hazikuwa zimebadilika hata moja, na hakuna mtu aliyefuta kitu. Ile nusu ambayo haikuwa popote ilikuwa imerudi yenyewe. Niliketi juu ya ndoo ya mashuka iliyobaki pale tangu enzi za stoo.

Sababu yake wewe uliisoma mwaka wa kwanza chuoni, ukanipigia simu jioni kunieleza kwa furaha, nami nikajifanya ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia. Faili ukiifuta ilhali programu bado imeishika, jina linatoka kwenye orodha lakini nafasi hairudi mpaka programu iiachilie. Kila nilipoweka toleo jipya bila kuzima, lile la zamani nililodhani nimeliondoa lilibaki limeshikwa, halionekani, limekaa. Matoleo yote ya miezi ile yalikuwa humo. Zamani hatukuyaona kwa sababu stima ilikuwa ikipotea. Kila ilipopotea, seva ilizimika, programu ikaachilia, nafasi ikarudi, na mimi nikawa natukana giza lililokuwa likinifanyia kazi yangu bure. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nguo yenyewe niliipigania miaka miwili.

Wala usinitafutie fumbo hapo. Diski ni diski. Ninachokuambia ni kwamba siku hiyo, saa tisa mchana, nilijua kwa hakika kwamba baba yako hakujaza seva. Picha zake zingekaa hapo miaka kumi bila kumsumbua mtu. Nilikuwa na simu mkononi. Meneja alikuwa ghorofa ya chini. Na sikusema.

Unajua nilichofanya? Niling'oa ile karatasi ya mlangoni, nikaweka utaratibu wa kuzima na kuwasha seva kila Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Tatizo likaisha. Meneja aliniita akaniandikia barua ya pongezi, na mwaka uliofuata nikawa mkuu wa idara. Kilemba cha ukoka kile, nami nikakifunga vizuri kichwani nikatembea nacho mjini.

Nyumbani baba yako alikuwa anakaa pale kwenye kiti cha dirishani. Hakulaumu mtu. Ubaya wake ulikuwa kuniuliza maswali. Nikiosha vyombo atauliza, "Mama Mwende, kwani ningeskani na ukubwa gani ndio isijae?" Nikipanga kitanda atauliza, "Labda ningegawanya M mara mbili?" Alikuwa anatafuta kosa lake kwa bidii ile ile aliyoskani nayo, na kosa lilikuwa limesimama mbele yake na kitambaa cha vyombo mkononi. Ningeweza kumjibu. Badala yake nikaanza kumchukia. Mtu uliyemdhulumu ni mgumu sana kumwangalia, Mwende. Unaanza kuona anatafuna kwa kelele, unaona viatu vyake viko vibaya mlangoni. Siku moja nikamwambia aende Kivaa akalime shamba la mama yake, hapa ananizibia mwanga. Akaenda na begi moja.

Wewe nilikuambia ametuacha. Majirani wakasema ni pombe, ukaja kuniuliza, nami nikanyamaza kwa namna ambayo mtoto yeyote angeelewa ni ndiyo. Baba yako hata soda inampa kiungulia.

Alikutumia maembe kila msimu. Simu zake ukawa hupokei. Niliyaona hayo yote, na kuna siku nilifurahi, maana msichana asiyeongea na baba yake hawezi kusikia upande wa baba yake. Sijui kama utanisamehe hilo. Mimi mwenyewe nikiliandika naona linanuka.

Kuna mtu mmoja lazima nikuambie habari zake. Miaka miwili baadaye alikuja mama mmoja mzee, Mbithe, kutoka upande wa Masinga. Ofisi ya rekodi walimtuma kwangu, kama wanavyowatuma wote wa M. Alikuwa na kadi ya hospitali imepauka mpaka haisomeki. Alitaka faili ya zamani ya kujifungua kwake.

"Mtoto aliishi wiki tatu," akasema. "Hatukuwa tumechukua karatasi ya kuzaliwa. Lakini sista aliandika jina yake kwa hiyo faili, niliona akiandika. Nataka tu mtu anionyeshe mahali imeandikwa."

Nikamwambia faili zilipotea.

"Zote?"

"Za M, mama."

Akaigeuza ile kadi. Akasema, "Sasa mwaitu, mahali ingine hakuna." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye angeweza kunizaa mimi. Akanishukuru, akakunja kadi yake, akatoka akitafuta njia kwa mkono ukutani. Nami nikarudi kwenye kompyuta nikaendelea na kazi. Sikumwambia ni mimi. Wakati huo nilikuwa nimezoea sana kutosema.

Nimefikiri ni kitu gani mama wa namna hii anaweza kumwambia binti anayekwenda kufanya kazi ile ile. Ufundi unanishinda. Mimi nakuwa mwanafunzi wako na sioni haya. Labda hili tu. Kosa la kutojua halikunishusha. Mtu yeyote angeweza kutojua. Kilichonimaliza ni ile mara mbili niliyojumlisha. Nilikuwa na namba inayoniambia bado sijaelewa, nikaona aibu kuwa mtu asiyeelewa, nikatafuta mnene wa kumlaumu. Na yule mnene nilimpata haraka kwa sababu alikuwa mpole na alikuwa wangu. Kule Kigali utakuwa na watu wa namna hiyo kando yako, wanaocheka hata wakichekwa wao. Hao ndio rahisi kuwawekea mzigo. Nakujua, una ulimi wangu.

Asubuhi hii, ulipokuwa bafuni, nilimpigia baba yako. Nilitoka nje kando ya tangi la maji. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, betri, matoleo, ile saa moja ya kuzima, barua ya pongezi. Sikulia, sikutaka anionee huruma. Nilipomaliza nilidhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, pole pole, kama mtu anayeogopa kusikia vibaya:

"Kwa hivyo picha zangu hazikuwa nzito?"

Nikamwambia hapana.

"Hata zile za rangi?"

"Hata za rangi, Musyoka."

Nikasikia anaweka simu chini bila kuikata. Nilisikia kuku, nikasikia mtu analia mbali na simu, mwanaume mzima, kwa ajili ya ukubwa wa picha ambao ameubeba kichwani miaka saba kule shambani. Nilimsikiliza mpaka salio likaisha. Nilistahili kusikia.

Alinipigia baadaye. Hakutukana. Aliuliza ndege yako ni saa ngapi.

Jumatatu nitampelekea meneja maelezo haya kwa maandishi, na jina langu chini. Wakinifukuza, wamenifukuza. Hilo si la kukuhuzunisha wala la kukufanya useme mama ni jasiri, tafadhali. Ujasiri ulikuwa na tarehe yake, ikapita.

Ndege yako kesho ni saa nane mchana, kwa hiyo mna asubuhi nzima. Baba yako analala kwa binamu yake mjini leo, na kesho atafika hapa saa moja asubuhi. Ukimkubalia, yeye ndiye atakayekupeleka uwanjani. Mimi utakaporudi kutoka saluni sitakuwepo. Ninakwenda Ekalakala kwa dada yangu sasa hivi, na nitakaa huko mpaka uwe umeondoka. Najua unavyochukia kuachwa bila kuagwa. Lakini nikibaki nitajitetea. Nitaleta chai, nitarekebisha sentensi zake, nitalia ili mnibembeleze mimi, na asubuhi yenu itakuwa yangu tena. Nimeshawachukulia za kutosha.

Sikuona nywele zako zilivyotokea. Najua umependeza.

Atabisha, maana ndivyo alivyo, hata kwenye mlango alioupachika mwenyewe. Mfungulie. Ila usimwambie karibu, Mwende. Anaingia kwake.

Mama yako